Barabara ya Pwani Haijengwi kwa Ajili ya Anayekwenda Mbali

Kila picha mpya ya Daraja la Pangani, la barabara mpya ya pwani ya Tanzania na Kenya, inapotua mtandaoni, maoni yanayoifuata huwa ya makundi mawili. Kundi la kwanza linashangilia: sasa Dar es Salaam na Mombasa zitakuwa pua na mdomo, mtu atakunywa chai Kariakoo na mchana atakuwa Mwembe Tayari anaagiza pilau. Kundi la pili linaguna: mabilioni ya lami yanapelekwa porini kwa nyumbu na kasa wa hifadhi ya Saadani, wakati mjini watu wanaamka saa kumi za usiku kukwepa foleni. Wanaoshangilia na wanaoguna wanabishana vikali, lakini wamekubaliana bila kujua jambo moja, kwamba barabara hii ni ya mtu anayetoka mwanzo wake kwenda mwisho wake. Hapo ndipo nadhani wote wamepotea. Barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Pangani na Tanga hadi Mombasa na Malindi itampa anayekwenda mbali faida ndogo kuliko anavyodhani, na itampa anayekwenda karibu faida kubwa kuliko serikali zote mbili zinavyosema. Ikipangwa, ikisimamiwa na kupimwa kama njia ya malori ya masafa, itafeli hata kama lami yake haitakuwa na shimo hata moja.

Kwanza tujue kinachojengwa. Mwishoni mwa mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban dola milioni 384 kwa awamu ya kwanza ya ukanda huu, yenye kilomita 175 hivi katika nchi mbili. Upande wa Tanzania ni kipande cha Mkange hadi Pangani, kilomita 120 na ushei, ambacho ndani yake kuna daraja la mita 525 juu ya mto Pangani. Upande wa Kenya ni kupanua barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi, nao Umoja wa Ulaya ukachangia ruzuku yake. Kipande cha Tanga hadi Pangani, kilomita 50, kilianza kivyake kwa fedha za serikali ya Tanzania. Kipande cha Tanga hadi mpakani Horohoro, kilomita 65, kilikwishawekwa lami zaidi ya miaka kumi iliyopita kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Ukivisoma vipande hivi kwa pamoja unaona kwamba hakuna mkandarasi mmoja, mfadhili mmoja, wala siku moja ya kukata utepe. Ni nguo ya viraka, na kila kiraka kina fundi wake.

Sasa tuchukue hesabu ya hao wanaoshangilia. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga leo hasafiri kwenye vumbi. Ana lami kupitia Chalinze na Segera, na tangu ilipokamilika barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ana njia ya pili ya kuikwepa Kibaha na Chalinze yenyewe. Barabara mpya ya Makurunge, karibu na Bagamoyo, hadi Tanga kupitia Pangani inatajwa kuwa na kilomita 256. Jumlisha kutoka Dar hadi Makurunge, linganisha na njia ya Segera, utakuta tofauti ni makumi machache ya kilomita, tena machache sana. Dereva wa basi la Mombasa atazipenda hizo, hasa kwa kuwa atapishana na malori machache kuliko yale yanayotoka Arusha na Moshi. Lakini hakuna nchi inayokopa fedha zote hizo ili abiria wa Mombasa afike nusu saa mapema. Kama mradi huu ungekuwa wa njia ya mkato, ungekuwa mradi mbovu, na wanaoguna wangekuwa na haki ya kuguna.

Ili kuona mradi huu ni wa nini hasa, itazame ramani ya usafiri ya Afrika Mashariki kwa jicho la mtu wa pwani. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 ikielekea Usambara na baadaye Moshi. Reli ya Mombasa ilianza 1896 na kufika Kisumu 1901. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam 1905 kuelekea Kigoma. Zote tatu zinaipa bahari mgongo, na barabara kuu zilizokuja baadaye zikafuata nyayo zilezile, ndiyo maana leo tuna Ushoroba wa Kaskazini kutoka Mombasa na Ushoroba wa Kati kutoka Dar es Salaam, yote ikienda bara. Zimepangwa kama meno ya kitana, kila jino na bandari yake. Kwa mkoloni hilo lilikuwa na mantiki, kwa sababu shida yake ilikuwa kutoa mkonge, pamba na kahawa bara na kuvipakia melini. Kutoka bandari moja kwenda nyingine hakuhitaji barabara, maana bahari ilikuwepo. Majahazi yalikuwa yakishuka na kupanda na pepo za kaskazi na kusi kati ya Lamu, Mombasa, Vanga, Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, na miji hiyo ikawa na lugha moja, mapishi yanayofanana na ndoa zilizovuka maji.

Kisha bahari ikapoteza kazi hiyo, na hakuna kilichokuja kuchukua nafasi yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kuanzia mdomo wa mto Umba kuelekea Ziwa Victoria, na Wadigo na Wasegeju wakajikuta wako huku na kule. Majahazi yakapungua, forodha ikaongezeka, na miji iliyokuwa imepangwa kama shanga ikawa kila mmoja unautazama mji wake wa bara. Pangani ndiyo mfano unaouma zaidi. Mji huu ulikuwa na uzito kiasi kwamba mwaka 1888 upinzani wa Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Wajerumani uliwaka hapo. Reli ilipokwenda Tanga na serikali ilipohamia Dar es Salaam, Pangani ikabaki na majumba ya zamani, minazi, mashamba ya mkonge na kivuko. Mji haukufilisika kwa uvivu wa watu wake. Ulikuwa kituo cha njia iliyokufa.

Kivuko chenyewe nakijua. Mara moja nilikisubiri upande wa Bweni, kusini ya mto, karibu saa nzima, jua la saa sita likiwa juu ya utosi, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa na ndoo mbili za samaki zilizofunikwa kwa gunia bichi. Kila baada ya dakika chache alikuwa akilimwagia gunia maji ya mto kwa kopo. Ng'ambo mji unaonekana, unaweza kuhesabu madirisha ya nyumba. Alipofika ng'ambo ile alimpata mnunuzi aliyekuwa akijua vizuri kwamba samaki hawa hawawezi kurudi Bweni wala kufika Tanga wakiwa wazima, akataja bei yake, na mama akaikubali bila hata kubishana. Sikuona ubaya wowote kwa yule mnunuzi, kwani naye alikuwa na safari ya mashimo mbele yake. Hasara yote ilikuwa imetengenezwa na mto wa mita mia chache na barabara ya changarawe.

Mama yule hataki kwenda Mombasa. Anataka Tanga, na akifika Tanga asubuhi na kurudi mchana, maisha yake yamebadilika. Hiyo ndiyo safari ambayo barabara hii inaifupisha kwelikweli. Mkazi wa Mkwaja, kijiji cha pwani kusini ya Pangani, aliye na mgonjwa wakati wa masika, ambaye njia ikikatika hulazimika kuzunguka au kukaa, anafupishiwa safari. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Mikocheni, ile ya Pangani na si ya Dar, akakataa kuripoti, mkulima wa nazi na machungwa wa Muheza na Pangani, fundi wa Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, anayefuata vipuri Tanga kwa kuwa ni karibu kuliko Mombasa, wote wamo. Kwa watu hawa, tofauti haihesabiwi kwa makumi machache ya kilomita. Ni tofauti ya kufika na kutofika.

Hoja dhidi ya barabara ziko nyingi, na hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika sana kwa sababu huja na tarakimu, ni ile ya idadi ya magari. Inasema: hesabu magari yanayopita Pangani kwa siku, linganisha na yanayopita Chalinze, kisha uniambie lami ilitakiwa iende wapi. Kosa lake si gumu kulikamata. Magari hayapiti Pangani kwa sababu hakuna njia ya kupita, halafu uchache huohuo unageuzwa kuwa ushahidi kwamba njia haihitajiki. Kwa kipimo hicho Kusini mwa Tanzania kusingepata Daraja la Mkapa juu ya Rufiji mwaka 2003, maana masika yalikuwa yakiwaachia wasafiri wa Lindi na Mtwara uchache wa kutosha kuandikia ripoti. Tena kipimo hicho kina tabia mbaya ya kuwaongezea waliokwisha kuongezewa. Penye lami pana magari, penye magari panastahili lami zaidi, na wengine wasubiri.

Hofu nyingine ni ya watu wa bandari. Mombasa wako wanaoamini kwamba barabara hii itavuta shehena kwenda Tanga, ambako bandari imechimbwa kina na kujengwa upya kwa shilingi bilioni 429 za Tanzania, na ambako pia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia kwenye rasi ya Chongoleani. Tanga nao wako wanaoamini kinyume chake, kwamba Mombasa itawameza. Hofu hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa wakati mmoja, na nadhani zote mbili si kweli. Shehena ya Uganda, Rwanda au Sudan Kusini haichagui bandari kwa kuangalia barabara inayokwenda sambamba na bahari. Inaangalia njia ya kwenda bara, gharama za bandari, siku za kukaa gatini na usumbufu wa mpakani. Bandari ya Tanga ikipata wateja wapya, watakuja kupitia Segera, Korogwe na Moshi. Mafuta ya Hoima hayahitaji lami kabisa. Barabara ya pwani inaunganisha bandari na bandari, na bandari mbili hazina mengi ya kuuziana kwa lori.

Hapo huibuka hoja ya tatu, ambayo ina akili zaidi: kama ni kuunganisha bandari na bandari, kwa nini tusirudie bahari? Meli ndogo ya mwambao hubeba mzigo kwa gharama ndogo na haichimbi mashimo. Ninaikubali nusu. Kwa saruji, mafuta na nafaka za jumla, usafiri wa mwambao ungestahili uangalizi ambao haujapata, na ni aibu kidogo kwa pwani yenye historia kama yetu. Lakini bahari humhudumia aliye na mzigo mkubwa na anayeweza kungoja maji na upepo. Haimpeleki mama mjamzito hospitali ya mkoa saa nane za usiku.

Hoja ninayoiona nzito kweli ni ya Saadani. Hii ndiyo hifadhi ya taifa ambako pori linakutana na Bahari ya Hindi, iliyopandishwa hadhi mwaka 2005 na kuingiza ndani yake ardhi iliyokuwa ranchi ya Mkwaja. Tembo hushuka karibu na fukwe, na kasa hutaga mchangani. Barabara ya lami ikipita ukanda huo inaleta kasi, na kasi ndiyo inayoua. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Kila dereva aliyepita pale ameona ubao wa faini, kila mnyama na bei yake, twiga hivi, nyati hivi, nguruwe pori hivi, kama menyu ya hoteli moja ya kutisha. Matuta yamewekwa, vibao vimewekwa, na bado asubuhi utakuta mzoga pembeni. Ubao wa faini hufanya kazi kwa dereva aliyekamatwa, na usiku wakamataji hawapo wengi.

Wapo wanaotaka Saadani itumie dawa ya Serengeti, ambako mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini ya hifadhi. Sidhani mifano hii inafanana. Serengeti ilikuwa na njia mbadala ya kuzunguka kusini, na uhamaji wa nyumbu pale hauna mfano duniani. Saadani ina vijiji vilivyokuwepo kabla ya hifadhi, kikiwemo kijiji cha Saadani chenyewe, ambacho kilikuwa bandari ya mtawala wake Bwana Heri wakati Wajerumani wanaingia. Kuwaambia watu hao kwamba njia yao ibaki ya matope ili mgeni apate picha nzuri ni jambo ambalo mimi siwezi kulitetea. Lakini hapa ndipo swali la barabara ni ya nani linapobadilisha uamuzi wa kihandisi. Ukiamini ni ya malori ya Mombasa, utaijenga pana, nyoofu, ya kilomita mia kwa saa, na utaona tuta ni kero. Ukiamini ni ya wakazi, utaona si tatizo kabisa gari kupita eneo la wanyama kwa kilomita hamsini kwa saa, malori mazito kuzuiwa usiku na kurudishwa njia ya Segera ambayo ipo na ina mizani yake. Mkazi wa Mkwaja hapotezi kitu kwa dakika hizo kumi na tano. Anayepoteza ni yule ambaye hakuwa na haja ya kupita hapo.

Ardhi nayo inataka maneno machache, maana ndiko machozi yatakakotoka. Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Tangu hapo wananchi wamejifunza kusoma rangi za herufi X ukutani: nyekundu maana yake wewe umeifuata barabara, bomoa, kijani maana yake barabara imekufuata wewe, subiri fidia. Neno la kutiliwa mkazo ni "subiri". Upande wa Kenya jambo ni gumu zaidi, kwa sababu umiliki wa ardhi ya mwambao uliandikwa chini ya sheria ya hatimiliki ya 1908 na kuacha familia nyingi zikiishi kama maskwota kwenye mashamba ya mababu zao. Barabara inapopanuliwa, mwenye hati hulipwa ardhi, na asiye nayo mara nyingi huishia kuhesabiwa kibanda na minazi. Lakini hasara kubwa zaidi haiko ndani ya zile mita 30. Iko kwenye hatua mia tatu zinazofuata, ambako bei hupanda kabla mwenyeji hajajua kuna mradi, na madalali hufika na pikipiki kabla ya greda. Kijiji ambacho hakijapimwa na hakina mpango wa matumizi ya ardhi siku lami inapofika kitauza ufukwe wake kwa bei ya shamba la mihogo. Kupima vijiji ni kazi ya gharama ndogo ukilinganisha na daraja, na ilitakiwa itangulie.

Tufike mpakani, maana hapo ndipo neno "kikanda" linapopimwa. Tunayo barabara ya kujifunzia. Barabara ya Arusha, Namanga hadi Athi River ilifunguliwa mwaka 2012 kwa shangwe za marais. Kituo cha pamoja cha forodha cha Namanga kikazinduliwa rasmi Desemba 2018. Miaka sita katikati! Muda aliouokoa dereva barabarani akawa anauacha kwenye foleni ya dirisha la pili, akigongewa muhuri wa kutoka hapa na wa kuingia pale. Hata jengo likiwepo, jengo si uamuzi. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na mgogoro wa vyeti vya Korona ukawalaza madereva mipakani kwa siku kadhaa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Na kabla ya hapo, 2017, Tanzania ilichoma vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya. Katika visa vyote hivyo lami ilikuwa salama kabisa.

Horohoro na Lunga Lunga, safari fupi ndizo zinazoumizwa zaidi na tabia hii. Kampuni kubwa ina wakala wa forodha, ina simu ya mtu Nairobi na Dodoma, ina uwezo wa kungoja. Mwenye tenga tano za machungwa hana. Jumuiya ya Afrika Mashariki inao utaratibu wa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ambacho mfanyabiashara mdogo anastahili kukipata palepale mpakani ili asitozwe ushuru wa forodha. Ni utaratibu mzuri. Lakini muulize muuza machungwa au muuza nazi pale mpakani kama anaujua, halafu muulize kama anaijua njia ya panya iliyo nyuma ya minazi. Ataielezea hiyo ya pili mpaka kona. Basi la Tanga haliingii Lunga Lunga kushusha mtu na kugeuza, hivyo abiria wa kilomita kumi hushuka, huvuka kwa miguu, hubadilisha fedha kwa vijana wenye vibunda mkononi, hupanda bodaboda ya upande wa pili. Kama kweli nchi hizi zinataka barabara ya kikanda, kibali cha daladala ya mpakani kinachowaruhusu wenye magari ya abiria wa Tanga na Kwale kuvuka na kurudi siku hiyohiyo kingeleta mabadiliko makubwa kuliko kilomita nyingine ishirini za lami. Na hakigharimu mkopo.

Kuhusu Mombasa penyewe sina mengi. Kwa sasa gari linalotoka Lunga Lunga linaweza kupita Dongo Kundu na Daraja la Mteza, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kutokea Miritini bila kupanda feri ya Likoni, jambo ambalo aliyewahi kulala kwenye foleni ya Likoni hawezi kulichukulia kirahisi. Upande wa kaskazini, Mtwapa imekuwa kizibo kwa miaka. Kupanuliwa kwake ni haja ya jiji kuliko haja ya kanda, na sioni vibaya kusema hivyo waziwazi.

Nini kifuate, basi? Kwanza, wizara za nchi zote mbili ziache kuuza mradi huu kwa saa za Dar hadi Mombasa, kwa sababu ahadi hiyo ndiyo itakayotumika kuuhukumu, na hukumu itakuwa mbaya. Miaka mitano baada ya kufunguliwa, mtu atahesabu malori, atakuta ni machache, ataandika kwamba fedha zilipotea. Vipimo vinavyofaa ni vingine: bei ya samaki Bweni ikilinganishwa na bei ya Tanga siku hiyohiyo, idadi ya wajawazito wa Mkwaja waliojifungulia hospitali, nauli ya Pangani hadi Tanga wakati wa masika, vyeti rahisi vilivyotolewa Horohoro kwa mwezi. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji mtaalamu kutoka nje. Vinahitaji mtu wa halmashauri mwenye daftari, tena aanze kuandika sasa kabla lami haijakamilika, la sivyo hatutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Jambo la pili ni la mgawanyo wa kazi. Barabara kuu ni ya TANROADS. Vijia vinavyotoka kwenye barabara kuu kwenda dikoni wavuvi wanakoshushia samaki, shuleni na zahanati ni vya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017 na ambao kila mbunge wa kijijini analalamikia bajeti yake. Mkopo ulipoombwa, hesabu za faida zilijumuisha mavuno na samaki wa vijiji hivyo. Fedha za kuwafikisha kwenye lami ziko kwenye kitabu kingine, cha wizara nyingine, kwa mwaka mwingine. Lami imepita upande wa bara wa vijiji kadhaa vya pwani, na kati ya lami na mchanga kuna njia ambazo masika huzigeuza vidimbwi. Kipumbwi, kwa mfano, ni diko la zamani ambalo mashua zake mpaka leo huvuka kwenda Mkokotoni, Unguja. Siku ya kukata utepe kamera zitakuwa darajani, na ndivyo inavyostahili, maana daraja ni zuri. Mimi nitampigia simu mtu wa Kipumbwi nimuulize bodaboda inatoza kiasi gani kutoka dikoni hadi kwenye lami, na kama barafu inauzwa hapo.